Chuo hakisomi daraja, kinasoma masomo

Ndugu Mhariri,

Kila Julai, Baraza la Mitihani (NECTA) likishatoa matokeo ya kidato cha sita, magazeti hujaa asilimia za madaraja. Tangu 2023 shule bora na watahiniwa bora hawatangazwi tena, na hilo ni jambo jema, lakini habari kubwa imebaki ileile: wangapi wamepata daraja la kwanza, wangapi la pili, wangapi la tatu. Nyumbani nako mtoto huulizwa swali hilohilo moja: "Umepata divisheni gani?" Akijibu "wani", simu zinapigwa mpaka kijijini. Agosti ikifika, huyohuyo wa "wani" anaomba udaktari, mfumo wa chuo unamjibu kwamba hana sifa, na minong'ono inaanza kuwa nafasi zimeuzwa. Hazijauzwa. Aliyekagua maombi hakuangalia daraja, kwa sababu daraja halimo katika sifa za kozi.

Sisi tunaoshughulika na taaluma shuleni tunaomba nafasi katika safu yako tulieleze jambo hili kwa hesabu, maana bila hesabu linabaki kuwa mabishano ya sebuleni.

Ukifungua matokeo ya shule yoyote kwenye tovuti ya NECTA, kila mtahiniwa ana mstari wake: namba, jinsi, AGGT, DIV, kisha safu pana yenye jina la kila somo na herufi aliyoipata. Watu wengi husoma hadi DIV wakafunga simu. Safu ile pana ya mwisho ndiyo yenye kesi.

AGGT ni jumla ya pointi za masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo anaosoma mwanafunzi kidato cha tano na sita, kwa ngazi ya NECTA: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Hapa aliye na pointi chache ndiye bora. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na 20 na 21 ni sifuri.

Vyuo vikuu navyo vinatumia ngazi ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU): A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu pointi, F haina kitu. Hapa aliye na nyingi ndiye bora. Yaani ngazi mbili zinazokwenda kinyume, zote zinaitwa "pointi", na mzazi hatajiwi ni zipi zinazosemwa. Sharti la chini la kuingia shahada ni prinsipo mbili, yaani alama kati ya A na E, katika masomo mawili yanayotakiwa na kozi husika, zenye jumla isiyopungua 4.0. S imepewa nusu pointi kwenye jedwali, lakini si prinsipo. Haiwezi kukaa kwenye kiti cha somo linalotakiwa. (Waliomaliza 2014 na 2015, enzi za B+, wana jedwali lao: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1. Kwao C mbili ndizo zinazofikisha 4.0. Tunalitaja kwa sababu bado wapo wanaorudi shule na kutumia jedwali lisilo lao.)

Sasa chukua wanafunzi watatu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Wa kwanza ana A ya Biolojia, B ya Kemia na S ya Fizikia: 1, 2 na 6, jumla 9, daraja la kwanza. Wa pili ana B, B na S hiyohiyo ya Fizikia: jumla 10, daraja la pili. Wa tatu ana D tatu: jumla 12, mkiani kabisa mwa daraja la pili. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Biolojia, pointi zisizopungua 6, na hakuna somo la kushuka chini ya D. D tatu ni 2 mara 3, sita kamili. Basi huyu wa tatu, ambaye hakuna aliyempigia simu ya pongezi, ndiye pekee mwenye sifa ya kuomba. Kuchaguliwa ni habari nyingine, kwani 6 ni kizingiti tu na ushindani uko juu zaidi ya hapo. Lakini wale wawili hawafiki hata kwenye foleni, na kilichowazuia ni herufi moja, ile S ya Fizikia.

Kuna hesabu nyingine ambayo mwalimu wa darasa yeyote anaweza kuifanya ubaoni kwa dakika tano. Kwa alama A hadi E, pointi ya TCU ni 6 ukitoa pointi ya NECTA. Kwa hiyo masomo mawili yenye 4.0 za TCU hayawezi kuzidi pointi 8 za NECTA. Hata la tatu likiwa F, yaani 7, jumla inaishia 15. Maana yake mwenye AGGT ya 16 au 17, ingawa cheti chake kinasema daraja la tatu, hana prinsipo mbili zenye 4.0 kwa namna yoyote ile utakayozipanga alama zake. Upande wa pili, mwenye 12 kushuka chini anazo 4.0 daima katika masomo yake mawili bora. Wa 13 anakwama mmoja tu, mwenye A moja na S mbili. Vurugu iko kwenye 14 na 15. Mwenye D, E na E ana 14 za NECTA, lakini masomo yake mawili bora ni 2 na 1, jumla 3.0: nje. Mwenye C, E na F ana 15, mbaya zaidi machoni pa NECTA, lakini 3 na 1 ni 4.0: ndani. Takwimu za magazetini zinawaweka wote kapu moja, "daraja la kwanza hadi la tatu", ndiyo maana ufaulu unatangazwa kuwa unakaribia asilimia 100 huku vijana wale wa 16 wakihangaika na maombi yasiyoweza kupita.

Na hizo 4.0 zenyewe haziwi sifa mpaka zitoke kwenye masomo yanayotakiwa na kozi. Hapa ndipo wanapoumia wengi wa daraja la pili. Mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati ya Juu) ana B ya Kemia, D ya Fizikia na S ya Hisabati ya Juu. AGGT 12. Masomo yake mawili bora yana 6.0, kwa hiyo anatembea akijua ana pointi za kutosha za uhandisi. Lakini kozi nyingi za uhandisi zinataka prinsipo za Fizikia na Hisabati ya Juu. Kemia yake yenye B haiwezi kuziba pengo la Hisabati. Angekuwa na D tatu tupu angeweza kuomba.

Kuna somo moja dogo linalodharauliwa kuliko yote: BAM, ile hesabu wanayosoma wasiochukua Hisabati ya Juu. Kwa kuwa haiingii kwenye AGGT, wanafunzi wa PCB, CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) huiacha mpaka wiki ya mtihani, na shule nyingine huipa kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Kisha mwanafunzi anataka uchumi, takwimu au kompyuta, anakuta sharti: asiye na prinsipo ya Hisabati ya Juu awe angalau na S ya BAM, au awe na alama iliyotajwa ya Hisabati ya kidato cha nne. Aliyepata F ya BAM na F ya Hisabati ya kidato cha nne amefungiwa milango yote miwili, hata kama ana A za Uchumi na Jiografia.

Tukirudi nyuma, kosa kubwa halifanyiki kidato cha sita. Linafanyika kidato cha nne, kwenye kuisoma herufi C. Kidato cha nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Kidato cha sita A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, na chini ya hapo ni F. Alama 48 kidato cha nne ni C, yaani krediti, na mtoto anakwenda kidato cha tano kifua mbele. Alama 48 hiyohiyo kidato cha sita ni E. Alama 34 kidato cha nne ni D, amefaulu. Kidato cha sita ni F. Na C ya kidato cha nne ni pana mno: inabeba kuanzia 45 hadi 64, na matokeo ya NECTA hayaonyeshi namba, yanaonyesha herufi tu. Wawili wenye C za Fizikia wanaweza kuwa wametofautiana kwa alama 19. Mmoja anaiweza PCM, mwingine anakwenda kuteseka miaka miwili.

Dawa ipo, nayo haihitaji fedha: shule ina alama za namba. Kabla ya kushauri tahasusi, chukua mtihani wa utamilifu (mock) na mitihani miwili ya muhula iliyotangulia, tafuta wastani wa kila somo. Somo lenye wastani chini ya 55 lisiwe nguzo ya tahasusi kwa sababu tu herufi yake ni C. Hiyo 55 si kanuni ya mtu yeyote, ni kipimo chetu cha kazini, na tunaona ni cha upole.

Masharti ya serikali ya kwenda kidato cha tano ni mepesi kuliko hayo. Mwanafunzi anatakiwa awe na krediti tatu katika masomo yasiyo ya dini, jumla ya pointi za masomo saba isizidi 25, na masomo matatu ya tahasusi yawe na pointi kati ya 3 na 10 bila F. Kidato cha nne A ni 1, B 2, C 3, D 4, kwa hiyo C, C na D zinafikisha 10 na anapita. Anapangiwa PCB akiwa na D ya Fizikia, na kila mtu nyumbani anaamini kwamba kama serikali imempangia, basi ataiweza. Serikali imesema tu kwamba anaruhusiwa kukaa darasani.

Tahasusi hujazwa kwenye selform, fomu ya machaguo ya mwanafunzi, kabla ya mtihani, mara nyingi kwa haraka, wanafunzi wakinakiliana. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi na kozi mtandaoni. Dirisha hilo ni la muda maalumu na likifungwa limefungwa. Ajabu ni kwamba wengi hawalitumii. Wanalikumbuka Juni majina yakitoka. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, na ushauri wetu kuhusu zile mpya ni mmoja: kabla hujaichagua, fungua kitabu cha mwongozo cha TCU uone ni kozi zipi zinazoyataja masomo hayo matatu kwa majina. Ukikuta mbili tatu tu katika nchi nzima, ujue unaingia kwenye uchochoro. Tahasusi ya zamani yenye jina lisilovutia inaweza kuwa na kozi nyingi mara kumi.

Kuna uamuzi mwingine wa mapema zaidi: kuacha Fizikia kidato cha tatu. Mwanafunzi anasema Fizikia ngumu, anabaki na Kemia na Biolojia, anajiita wa sayansi. Ameshaondoa PCM, PCB na PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati ya Juu). Anabaki na CBG na ndugu zake, ambazo si mbaya hata kidogo kwa kilimo, misitu, mazingira na ualimu, lakini udaktari umekwishatoka. Na si kwa njia ya kidato cha sita peke yake. Stashahada ya utabibu chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia au Sayansi ya Uhandisi. D inatosha, ila lazima iwepo. Aliyeiacha Fizikia hana hata hiyo D.

Njia ya stashahada inastahili heshima kuliko inayopewa. Mwanafunzi mwenye D tano nzuri za sayansi, asiyefikia kidato cha tano, anaingia ngazi ya 4 ya mafunzo, anapanda hadi ya 6, yaani stashahada, na akitoka na GPA (wastani wa alama zake za chuo) isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada katika fani yake. Lakini hata huko kidato cha nne kinamfuata. Mwenye stashahada ya utabibu anayetaka udaktari anatakiwa, pamoja na GPA hiyo, awe na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Tabibu aliyefanya kazi zahanati miaka minane, anayejua kuzalisha na kushona, anakataliwa kwa F ya Hisabati aliyoipata akiwa na miaka 17. Njia yake ni kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie Hisabati Novemba. Ni somo moja, lakini afanye mwaka mmoja kabla ya kuomba, kwa sababu matokeo ya Novemba hutoka mwishoni mwa Januari na udahili ni katikati ya mwaka.

Aliyemaliza kidato cha sita akakosa 4.0 naye ana mlango: programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo akiimaliza kwa GPA isiyopungua 3.0, akiwa na C katika masomo matatu ya fani yake, inampa sifa ya kuomba shahada. Ni bora kuliko kununua fomu za vyuo sita akiwa na pointi 3.0 za TCU.

Kuhusu kuomba kwenyewe tutapita haraka. Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, si TCU. Kitabu cha mwongozo kinatoka kila mwaka na viko viwili, cha wenye kidato cha sita na cha wenye stashahada. Kusoma kisicho chako ni kosa la kawaida. Katika kila kozi soma safu tatu: masomo yanayotakiwa, pointi za chini zilizowekwa na chuo hicho, na idadi ya nafasi. Pointi za chini za chuo zinaweza kuzidi 4.0, na kozi yenye nafasi 50 haiombwi kwa matumaini yaleyale na yenye nafasi 400. Machaguo yasiwe ya aina moja. Kama la kwanza ni udaktari kwa pointi 7, la pili na la tatu visiwe udaktari wa chuo kingine. Mwenye stashahada awe na namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET mapema. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ana namba mbili za mtihani, za miaka miwili, na zote zinatakiwa kuingizwa. Akiingiza moja, mfumo unaona F ile ya zamani tu. Na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, kabla ya tarehe ya mwisho. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu laini ya simu waliyoijaza ilikuwa ya mtu wa duka la intaneti.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Julai ijayo, kando ya jedwali la madaraja, chapisha ngazi zote mbili za pointi, ya NECTA na ya TCU, zikiwa zimesimama bega kwa bega, na mfano wa wale wanafunzi watatu wa PCB. Nafasi ya safu moja inatosha. Januari nayo, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, chapisheni alama zinakoanzia herufi za kidato cha nne na za kidato cha sita, na dirisha la selform likifunguliwa, tarehe yake ya kufungwa iwekwe ukurasa wa mbele. NECTA nao tungewaomba waongeze safu moja baada ya DIV: pointi za TCU za kila somo lenye prinsipo. Kompyuta iliyojumlisha AGGT inaweza kufanya hesabu hiyo ya 6 ukitoa pointi ya NECTA bila jasho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Walimu wa taaluma,
Morogoro